Kikaango Kilichopauka

Songwa, Kishapu
12 Novemba 2023

Ritha mjukuu wangu,

Marahaba. Najua hujaniamkia, lakini najibu kabisa nisije nikasubiri bure.

Barua hii anakuletea Mariana wa dagaa. Kila baada ya wiki mbili anakwenda Geita kuchukua dagaa, nimemwomba afike Rwamgasa mpaka mlangoni kwako. Mpe maji ya kunywa na kiti, usimwache amesimama kama mgambo. Simu nimeiweka kabatini. Tukiongea kwenye simu unalia kabla sijamaliza neno, halafu inakatika, halafu mimi nabaki na kilio chako siku nzima. Kwenye karatasi ukilia utalowesha huko huko kwako.

Ninaandika mwenyewe. Nilisoma ngumbaru, masomo ya watu wazima, miezi sita kwenye ghala la pamba, na herufi zangu zinasomeka kuliko za daktari.

Umesema Nelly hataki kula asubuhi. Mtoto wa miaka minne unamwamsha unampa nini? Andazi la barabarani lililokaangwa kwenye mafuta ya juzi, na chai ya rangi. Hata mimi ningekataa. Wewe ulilelewa kwa chapati za maji za mtama zilizochachuka, na ulikuwa unakula nne huku unalilia ya tano.

Kwenye mfuko huu kuna kitambaa kigumu kama ngozi. Usikifue. Hiyo ndiyo chachu yetu, mbegu ya mama yangu, nimeipaka kwenye kitambaa na kuianika kivulini. Kiloweke kwenye maji ya vuguvugu, ukamue, utie unga wa mtama viganja viwili na unga kidogo wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ufunike. Siku ya kwanza itanyamaza. Siku ya pili itapumua. Siku ya tatu itanuka kama maziwa mgando, hapo ipo tayari. Kila jioni ongeza unga na maji. Asubuhi, kabla hujatia chumvi, toa kikombe kimoja uweke pembeni kuwa mbegu ya kesho. Ukitia chumvi kwanza umeua. Mbegu inalishwa kabla ya watu.

Na utumie kikaango nilichokupa siku ya harusi. Kile cha chuma. Miaka arobaini nimekipikia mpaka kimekuwa cheusi na laini kama kioo, chapati inateleza yenyewe. Nasikia umekitundika ukutani kama picha ya askofu. Kishushe. Upike kila asubuhi, si Jumapili tu. Nasema kila asubuhi.

Mvua bado. Miguu imevimba. Nimechoka, lakini huo si ugonjwa, ni umri.

Msalimie mume wetu Gregory huko machimboni. Mwambie mke mkubwa anauliza dhahabu iko wapi.

Bibi yako,
Mama Masele


Rwamgasa, Geita
26 Novemba 2023

Shikamoo bibi,

Mariana alifika salama, nilimpa kiti na maji, na wali pia. Asikudanganye.

Mbegu imeamka siku ya tatu kama ulivyosema. Nilifunua nikakuta vitundu juu, nikacheka peke yangu. Asubuhi nilipika sita. Nelly alikula moja na nusu. Kwa hapa hiyo ni sikukuu, bibi, maana alikuwa anaweka chakula mdomoni na kukiacha hapo hapo mpaka mate yanamtoka. Anakuwa mkali, anasukuma watoto wenzake. Mama mkwe wangu alipita wiki jana akasema mtoto ana jicho la mtu, yaani karogwa. Alimtazama jirani yetu, Mama Selestine, akiwa anasema.

Mume wetu hajambo. Duara lao, lile shimo wanalochimba, limeanza kutoa mawe mazuri kidogo. Anasema dhahabu ya mke mkubwa ipo, inasubiri kuoshwa.

Kikaango nakitumia kila asubuhi.

Mimi sijambo. Nimechoka tu. Usiku sipati usingizi vizuri. Nimeandika juu ya gunia, usishangae mistari kupanda na kushuka.

Mjukuu wako,
Ritha


Songwa
10 Desemba 2023

Ritha,

Sasa nisikilize vizuri.

Mariana ameniambia kitu. Sikumuuliza, alisema mwenyewe huku anapima dagaa. Amesema kikaango changu alikiona kwako, na katikati kimepauka, doa kubwa la kijivu kama upana wa kiganja, kama chuma kipya cha dukani. Nimekaa na neno hilo siku tatu.

Umekisugua. Umechukua mchanga, au yale manyoya ya chuma ya kusugulia masufuria, umekwangua weusi wa miaka arobaini ili wageni wakione king'ae. Ule weusi haukuwa uchafu. Ule ni mafuta ya kila asubuhi niliyomlisha baba yako, na shangazi zako, na wewe. Huwezi kuununua. Mimi sikukulea uvivu, na sasa naona umeruka uvivu ukaenda kwenye maringo.

Tena usiniambie ni Nelly kachezea. Mtoto wa miaka minne hana nguvu hizo.

Kuhusu mama mkwe wako na jicho la mtu, mwambie afunge mdomo. Sisemi zaidi. Nyumba hii yangu iliwahi kusikiliza maneno ya namna hiyo, na sitaki kuandika juu yake.

Unga wa michembe nimekuwekea kilo mbili. Kikaango kipake mafuta, kiweke motoni mpaka kitoe moshi, rudia mara kumi. Labda katika miaka arobaini mingine kitarudi.

Nimekasirika. Nimechoka na kukasirika.

Bibi yako,
Mama Masele


Rwamgasa
7 Januari 2024

Shikamoo bibi,

Ni kweli. Nilikisugua. Naomba unisamehe. Nilitumia mchanga na majivu, sikujua. Sitarudia.

Nimekipaka mafuta kama ulivyosema, mara kumi, lakini kila baada ya siku chache doa linarudi. Labda chuma kimezeeka.

Mbegu bado ipo hai. Ndicho kitu pekee humu ndani kinachoamka na nguvu. Nelly siku hizi anakula nusu, au hali. Mkono wake wa kulia unacheza akishika kikombe, anamwaga, halafu analia kwa hasira. Baba yake anamwambia ashike vizuri. Kinywani mwangu mimi nasikia ladha kama nimelamba sarafu, kila chakula. Chapati zako tamu, ulimi wangu ndio mbaya.

Mama mkwe ameleta mtu wa dawa. Huyo mganga amesema anayetuloga ni mwanamke wa karibu, anayepika karibu na ukuta wetu. Mama Selestine amesikia. Siku hizi hanisalimii, anafua nguo zake ameupa mgongo ua wetu.

Krismasi tulikula kuku. Mwaka mpya mwema bibi.

Ritha


Songwa
21 Januari 2024

Ritha, ng'wana wane, mwanangu,

Barua hii isome ukiwa peke yako. Nimemwambia Mariana asiondoke mpaka umeisoma, na akupe kalamu ujibu papo hapo.

Wewe umesoma mpaka kidato cha nne. Ukipewa barua unaimeza yote mara moja kama uji. Mimi sisomi hivyo. Mimi nasoma herufi moja moja, kidole juu yake, kama mtu anayechambua mchele. Ndiyo maana nimeona.

Barua yako ya Novemba, mistari ilipanda na kushuka. Ulisema ni gunia. Nikakubali. Barua ya Januari, mistari imenyooka, maana yake uliandika mezani, lakini herufi zenyewe zinatetemeka. Kila mguu wa herufi una mawimbi madogo. "Shikamoo" yako ina mawimbi tangu mwanzo hadi mwisho. Gunia haliandiki hivyo.

Nina barua nyingine yenye mawimbi hayo. Iko kwenye kopo la majani ya chai chini ya kitanda changu tangu mwaka 2003. Ni ya baba yako. Masele aliiandika akiwa machimboni, mwaka mmoja kabla hajarudishwa hapa akiwa hawezi kujishikia kikombe. Wewe ulikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Nimezilaza barua mbili kitandani, yake na yako, nimepiga magoti nikazitazama mpaka jua likahama dirishani. Ni mkono mmoja, Ritha. Watu wawili, mkono mmoja.

Yeye naye aliandika kwamba kinywa kina ladha ya shaba. Niliisahau. Nimeisoma tena jana.

Sasa naandika lile ninalouliza, na usinijibu kama mke, nijibu kama mtoto niliyemfuta kamasi. Gregory anachoma nini kwenye kikaango changu?

Hukukisugua. Mtu aliyesugua kwa mchanga doa halirudi baada ya siku chache. Ulinidanganya nikakutukana, ukaomba msamaha wa kosa ambalo si lako. Nimekulea hivyo lini?

Mama Masele


Rwamgasa
24 Januari 2024

Bibi,

Mariana amekaa hapa, ananitazama.

Anachoma dhahabu.

Wakishaosha mchanga kule mwaloni, penye mabwawa ya kuoshea, wanatia zebaki, inakamata dhahabu, inakuwa donge jeupe. Lazima lichomwe ili zebaki iondoke na moshi, ibaki dhahabu. Zamani alichoma huko huko. Mvua za mwaka juzi zilipoanza, na wezi, akawa anakuja nalo nyumbani, tunafunga mlango. Kikaango kilikuwa kimetundikwa tu, kizito, hakitoboki. Alisema kinafaa. Doa linatokea pale donge linapokaa motoni. Mimi ndiye ninayepepea jiko. Nelly ananiegemea begani, anapenda kuona donge jeupe linavyogeuka njano.

Halafu barua yako ikaja, inasema nipike kila asubuhi. Nilikiosha bibi. Nilikiosha kwa sabuni kila mara, wallahi, kama wanavyoapa majirani zangu Waislamu.

Sikukuambia kwa sababu ungemchukia. Si mtu mbaya. Naye mikono inamtetemeka, anasema ni pombe, lakini hanywi.

Ritha


Songwa
25 Januari 2024

Ritha,

Mariana amerudi jana jioni. Leo asubuhi namrudisha tena kwa nauli niliyopata kwa kuuza mbuzi wangu. Usizungumzie mbuzi.

Fanya hivi. Kikaango usikioshe tena, usikipe mtu, usikiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, mwenzio asije akapikia watoto. Kifunge kwenye mfuko wa nailoni, kikae nje mbali na kisima, daktari ndiye atasema kiende wapi. Unga na mbegu uliyo nayo mwaga. Ndiyo, mwaga. Imekaa kwenye moshi ule ule. Usiilie, hapa ipo nyingine. Nenda hospitali ya wilaya wewe na Nelly na yeye Gregory, na useme neno "zebaki" kwa sauti, usiseme "homa". Ukitoka hapo, pandeni basi na Mariana mje kwangu.

Na kabla hujaondoka, nenda kwa Mama Selestine. Ingia, kaa, mwambie si yeye.

Sasa nitaandika lile nililosema sitaki kuandika.

Masele aliporudi anatetemeka, nilitafuta mganga mpaka ng'ombe wakaisha. Mganga akasema ni mwanamke anayepika ndani ya ua huu. Kwenye ua huu tulikuwa wawili tunaopika, mimi na Zipora, mke mwenzangu. Hakumtaja. Mimi ndiye niliyemtaja. Nilisimama mbele ya watu nikanyoosha kidole hiki ninachosomea. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni kama ya kila mwanamke hapa, nikasema, mnaona macho yake. Waliomfukuza walimpa nafasi ya kubeba mkeka na kuku mmoja. Alitaka kubeba na kibuyu cha chachu. Nilikishika nikakizuia.

Mbegu niliyokutumia si ya mama yangu. Mama yangu hakujua kuchachua chochote. Ni ya Zipora. Alikuja nayo kutoka kwao, akanifundisha mimi niliyekuwa naunguza hata uji. Miaka ishirini nimeiita ya mama yangu, na nimesema hivyo kanisani na kwenye misiba, mpaka nikaanza kumwona mama yangu akiikoroga.

Na ni mimi niliyekuandikia upike kila asubuhi. Nilisema kila asubuhi mara mbili. Sasa nimtafute nani wa kumnyooshea kidole?

Njoo. Njoo na mtoto. Usilete kitu.

Bibi yako


Rwamgasa
3 Machi 2024

Kwa Bibi, Mama Masele,

Shikamoo.

Mimi ni Gregory. Sijawahi kukuandikia, nisamehe kama naanza vibaya.

Nashukuru Ritha na Nelly wamefika kwako. Hospitali walituchukua mkojo sote watatu, ukapelekwa hospitali kubwa, majibu yametoka. Ya Ritha ni mabaya kuliko yangu, kwa sababu yeye alikuwa juu ya jiko na mlango umefungwa. Ya Nelly ni ya katikati. Daktari alisema la kwanza ni kukaa mbali na moshi, na dawa alizoandika, na kusubiri.

Kikaango nilikipeleka kwa bwana afya kama daktari alivyoagiza. Alikipokea akiwa amevaa glovu. Pale ndipo nilipoelewa, bibi. Mimi nilikishika mikono mitupu mwaka mzima.

Mama yangu nimemwambia. Alikwenda kwa Mama Selestine na kanga, akaiacha mlangoni.

Nachimba bado. Sina kazi nyingine na duara lina watu sita. Lakini kuna kikundi wana chombo cha chuma chenye bomba, moshi hautoki, zebaki inarudi. Nachomea huko. Humu ndani sijawasha jiko tangu walipoondoka. Nakula mandazi ya barabarani, yale uliyoyatukana. Una haki.

Kama huniiti tena mume wetu, nimeelewa.

Gregory Stanslaus


Songwa
16 Juni 2024

Gregory,

Marahaba.

Nimekaa na barua yako miezi mitatu kwa sababu sikuwa na neno zuri, na maneno mabaya nilikuwa nimeyamaliza yote kwa Ritha. Sasa tumevuna mtama, kidogo, ndege walikula sehemu yao kwanza. Nimechoka mpaka kwenye meno. Lakini leo nina la kukuambia.

Nelly anakula. Jana alikula tatu akaomba ya nne, nikamnyima ili nimsikie akililia. Alililia vizuri. Kikombe anashika kwa mikono miwili na hamwagi ila akicheka. Kikaango tunachotumia nilikinunua mnadani, chepesi kama sahani, kila chapati inashika na inatoka vipande vipande. Tunakula vipande. Huyu mtoto anadhani chapati zote za duniani ni vipande.

Ritha anakoroga unga, mimi ndiye ninayegeuza. Bado hawezi kugeuza. Asubuhi nyingine mkono umetulia, asubuhi nyingine unarudi kule kule. Naye akikasirika siku hizi anakasirika kama mimi, kwa hiyo ujue anapona.

Wiki mbili zilizopita nilikwenda Kagongwa. Zipora yuko huko, anauza chumvi na vibiriti karibu na njia ya malori. Nilikausha mbegu kwenye kitambaa kipya, nikapika na chapati kumi, nikazifunga. Nilipobisha hodi aliuliza nani. Nilisema, "Mke mwenzio."

Nilisimama hapo na miguu yangu hii mpaka mjukuu wake akanitolea kigoda. Nikakaa nje, nikayasema yote kwa mlango. Barua ya Masele, barua ya Ritha, zebaki, kidole changu. Niliyasema kwa sauti, wenye malori wakasikia, na nilitaka wasikie, maana siku ile nayo watu walisikia.

Mwisho alitoka. Amezeeka vibaya kuliko mimi. Alichukua chapati moja akaitafuna upande mmoja, hana meno upande wa pili. Halafu akachukua kitambaa, akakinusa kwa muda mrefu.

Akasema, "Mbegu hukuitia chumvi."

Nikasema sijawahi kuitia.

"Basi hilo moja ulilisikia."

Akaingia ndani nacho. Hakunikaribisha, wala sikungoja. Kwenye basi nililala njia nzima mdomo wazi.

Sasa wewe. Ritha anataka kurudi Rwamgasa. Mimi sitaki. Tumegombana juu ya hilo wiki nzima, tumekubaliana hivi: harudi kwenye nyumba ile. Sakafu yake na kuta zake zimekunywa moshi. Ukipata chumba kingine, mbali na mwalo, ambamo hakijawahi kuingia chombo chako cha kazi, tutazungumza. Na wewe uje huku kwanza, nikuone mikono. Nguo zako za machimboni uziache huko huko, usije nazo kwangu hata zikiwa zimefuliwa. Njoo na shati jipya. Asubuhi utakula vipande kama sisi.

Nimemwambia Ritha aandike jina lake hapa chini, kwa mkono wake, bila mimi kumshikia karatasi. Limemchukua muda. Usilisome kama watu waliosoma. Weka kidole, pita herufi moja moja. Utaona ya kwanza imesimama. Zinazofuata bado zina mawimbi. Ya mwisho ameikazia mpaka karatasi imetoboka kidogo, lakini imesimama.

Karibu, mume wetu.

Mama Masele

Ritha